Kabla Hujapiga Msasa: Kuyasoma Maradhi ya Fanicha Kuukuu

Kabati likifika uwanjani kwangu hapa Wete, kitu cha kwanza ninachoshika ni tochi. Nalilaza chali, nachungulia chini ya miguu, mgongoni, na nyuma ya watoto wa meza, pale ambapo fundi wa mwanzo hakupaka kitu. Huko ndiko mbao inakosema kweli. Kisha namuuliza aliyelileta maswali mawili: lilikaa wapi, na lilipakwa nini? Maradhi mengi ninayoyaona yametokana na maji au na mkono wa mtu aliyelitengeneza mara ya mwisho. Ukianza kupiga msasa kabla hujajua ni kipi, utafuta alama zote ambazo zingekwambia.

Nayasema haya kwa sababu mbao nzuri hapa visiwani si kitu cha kuchezea. Pemba, mivule mikubwa tunayoijua imebaki Ngezi, na ule ni msitu wa hifadhi. Mbao nyingi tunazonunua huvushwa kutoka bara. Lakini majaani, na katika vyumba vya nyuma vya nyumba za wazee, Wete, Chake na Mji Mkongwe, bado mna msaji, mvule, mkangazi na mfenesi uliokwisha kukauka miaka hamsini. Ubao kama huo huupati dukani hata uwe na pesa mkononi.

Kwanza jua umeshika nini

Kwangua kidogo kwa kisu mahali pasipoonekana. Msaji una rangi ya hudhurungi yenye dhahabu ndani yake, unateleza kwa mafuta yake wenyewe, na harufu yake inakumbusha ngozi. Mvule huanza na umanjano, kisha ukageuka kahawia. Mfenesi ndani ni manjano hasa, hata kama juu umekwisha kuiva kwa mwanga. Wengi wakikwangua kabati la mfenesi hushtuka wakadhani wameliharibu. Liache penye mwanga, rangi yake itarudi pole pole.

Mvule una jambo lake jingine: randa inaweza kwenda vizuri, ghafla ikagonga kitu kigumu na makali yakapata pengo. Hukugonga msumari. Mti wa mvule hujiwekea vijiwe vya chokaa ndani ya mbao, hasa pale ulipopata jeraha ungali hai. Vichimbue kwa patasi ya zamani kabla ya kupitisha randa nzuri.

Kuhusu kilichopakwa juu, chovya pamba kwenye spiriti, uibandike nyuma ya mguu kwa dakika moja. Kikilainika na kunata, ni polishi ya spiriti, ile ya magamba ya rangi ya asali ambayo mafundi wa zamani walikuwa wakiipiga kwa kitambaa. Kisipolainika, jaribu thina. Kikikubali thina, ni laka ya kupuliza. Kikivikataa vyote viwili, ni vanishi ya mafuta au ya plastiki, na hiyo inataka dawa ya kutolea rangi au chuma cha kukwangulia na subira.

Na kama ukingo umevimba kama andazi, na ndani ni chenga za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, usipoteze siku yako. Hizo zikishakunywa maji hazirudi. Chukua bawaba, vitasa na vioo, basi.

Dalili: unga chini ya kitanda

Hii ndiyo inayowafanya watu watupe vitu vizima, nami huumia kila nikiiona, kwa sababu unga una aina tatu na kila moja ina mwenyewe.

Tandika karatasi nyeusi chini ya kitanda, ukigonge kwa kiganja, kisha usugue kilichodondoka baina ya vidole. Kikiwa laini kama poda ya mtoto, ni mdudu anayebungua mbao, na utaona vitundu vya mviringo vya kiasi cha kichwa cha pini. Kikiwa ni chembe ngumu, kavu, ndogo kuliko ufuta, na ukizitazama kwa karibu zina pande sita, hicho ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Huyo huishi ndani ya ubao wenyewe na hana haja ya udongo wala maji. Ukiona mkondo wa udongo unapanda ukutani au sakafuni ukaingia mguuni, huyo ni mchwa wa ardhini, na ugonjwa uko kwenye nyumba. Ukikitibu kitanda ukakirudisha palepale, umefanya kazi ya bure.

Turudi kwa mbunguaji. Vitundu unavyoviona ni milango ya kutokea. Mdudu aliyekula ni funza, alikaa ndani muda mrefu, na kilichotoboa ni mdudu mzima akitoka kwenda zake. Kwa hiyo kuziba vitundu kwa nta siku ya kwanza hakumzuii yeyote. Unachotaka kujua ni kama bado wamo. Tazama midomo ya vitundu: ikiwa myeusi na yenye vumbi la nyumba, ni ya zamani, ikiwa myeupe kama mbao iliyokatwa leo, kazi inaendelea. Na kwa kuwa hata mbao iliyopona hudondosha unga wa zamani ikisukumwa, igonge itoke yote, ipige brashi, bandika karatasi nyembamba juu ya vitundu, uiache wiki kadhaa bila kuisogeza. Karatasi ikitobolewa, umepata jibu.

Wengi hukimbilia mafuta ya taa. Mafuta ya taa humuua aliyeguswa nayo, na yakishakauka hayaachi kinga yoyote. Zaidi ya hapo yanaharibu kazi ya mbele, na nitakuja kulisema hilo. Mimi hutumia boraksi iliyoyeyushwa kwa maji ya moto, naipaka mara mbili tatu juu ya mbao iliyo wazi. Wazi, nasisitiza: haipenyi vanishi. Kwenye vitundu naiingiza kwa bomba la sindano. Funza wa ndani kabisa hafi siku hiyo, ila hufa anapokula kuja nje.

Vitu vidogo, kama mbuzi ya nazi ya bibi, kibao au kijisanduku, vina njia nyepesi zaidi. Kifunge ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, ukitie kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Jua la kaskazi chini ya nailoni nyeusi nalo linaua, lakini moto lazima ufike katikati ya ubao, kiasi cha nyuzi 55, na nguzo nene ya kitanda haifiki huko kwa urahisi.

Baada ya hapo choma kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye boga, kata sehemu hiyo utie kipande kipya cha mbao ileile. Mara nyingi utakuta mbunguaji amekula ubao mweupe wa nje tu, ule uliokuwa karibu na gome, na kiini cha msaji hakukigusa.

Dalili: vanishi haikauki, inanata

Umepaka juzi, leo ukiweka kiganja kinaacha alama. Mtu wa kwanza kulaumiwa ni muuza vanishi, na mara nyingi hana kosa.

Niliwahi kuletewa kitanda cha msaji, nguzo nne za kuchonga, cha familia. Nikakitoa vanishi, nikapaka mpya, ikakataa kukauka. Nikaitoa, nikapaka tena, ikanata tena. Mara ya tatu nikaenda kwa mwenyewe, mama mtu mzima, nikamwamkia, nikauliza, "Bibi, kitanda hiki kilikuwa kikipakwa nini?"

"Hakikupakwa kitu, mwanangu. Tukikisafisha tu."

"Mkikisafisha kwa nini?"

"Kwa mafuta ya taa. Babu yako alikuwa hataki kuona mdudu. Kila akirudi Ijumaa, kitambaa na kibatari chake cha mafuta, mpaka alipofariki."

Miaka thelathini ya Ijumaa ilikuwa imo ndani ya ubao ule. Dawa haikuwa vanishi nyingine. Nilikifuta kwa thina, kitambaa kipya kila mara, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nikakianika siku tano kwenye upepo, kivulini. Kisha nikapiga mkono mmoja mwembamba wa polishi ya spiriti, ambayo inashika juu ya mbao yenye mafuta na kuyafungia ndani. Vanishi ilipokuja juu yake ilikauka usiku mmoja.

Oili chafu ya gari ni mbaya kuliko mafuta ya taa. Watu huipaka kuzuia mchwa, na kwa nguzo ya ua sina ugomvi nayo. Kiti kilichopakwa oili chafu kitatia doa nguo za watu miaka yote. Kama imeingia ndani sana, randa ndiyo pekee itakayoitoa.

Msaji safi nao una mafuta yake ya kuzaliwa. Ufute kwa thina, upake siku hiyohiyo, kabla mafuta hayajapanda tena. Na usipake mkono mnene: tabaka nene hukauka juu, chini ikabaki mbichi.

Dalili: weupe kama ukungu, na pete za vikombe

Polishi au laka ikigeuka nyeupe wakati inakauka, umepiga siku mbaya. Spiriti inapovuka hupoza uso wa mbao, na hewa ya masika imejaa maji. Maji hayo hutua juu na kufungiwa ndani. Subiri siku kavu, pitisha kitambaa chenye spiriti kidogo sana, haraka, bila kusimama. Tabaka linafunguka, unyevu unatoka, weupe unaondoka. Mimi kazi za polishi nazipanga baada ya saa nne asubuhi, umande ukishapanda, na kama naweza naziweka miezi ya kusi, Juni hadi Septemba. Kuanzia Machi hadi Mei nafanya viungo na kuchonga.

Pete nyeupe ya kikombe cha chai ni jambo hilohilo: unyevu umo kwenye polishi, haujafika kwenye mbao. Pete nyeusi ni jambo jingine kabisa. Hapo maji yamepita polishi, yakakutana na chuma na ule ukakasi ulio ndani ya mbao, vikafanya wino. Ndiyo maana kuzunguka kila msumari wa zamani kwenye mvule kuna doa jeusi. Toa msumari kwanza, kwa sababu ukiuacha doa litarudi. Jaribu ndimu na chumvi juu ya mbao iliyo wazi, iache, ioshe, irudie. Ikikataa, asidi oksaliki hulitoa, lakini hiyo ni sumu: glovu, miwani, mbali na watoto, na uioshe vizuri kabla ya kupiga msasa ili usije ukavuta vumbi lake.

Nikishika vanishi huwa nakumbuka kwamba katika karne ya 19 meli za Marekani zilikuwa zikibeba sandarusi kutoka bandari ya Unguja mpaka Salem, Massachusetts, kwenda kutengenezwa vanishi. Sandarusi ilichimbwa ardhini pwani ya bara, ikapita mikononi mwa watu wetu. Fanicha za nyumba za huko mbali ziling'aa kwa utomvu wa miti yetu.

Dalili: kiti kinacheza

Kiti kikicheza, mtu hupiga msumari. Nami nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo, na viti vile vyote vilirudi. Msumari unaupasua ule ulimi wa mbao unaoingia kwenye tundu, na kwa chumvi ya hewa yetu unashika kutu, unatanuka, unapasua zaidi. Kiti kilichokufa gundi kinapona. Kilichopasuliwa ulimi kinataka ulimi mpya.

Kwa hiyo kifungue. Tia siki ya moto kwenye kiungo kwa brashi, subiri, tikisa taratibu, tia tena. Gundi ya zamani ya ngozi na mifupa ni ya rangi ya asali na huvunjika kama kioo kikavu. Gundi nyeupe ya siku hizi hulainika ikawa kama mpira. Yoyote iliyomo, ikwangue yote, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokwisha kukauka. Ulimi ukiwa umepungua, ubandike utepe mwembamba wa randa kila upande, uuchonge mpaka uingie kwa kusukumwa na mkono.

Kama huna vibanio, zungusha kamba miguuni, tia kijiti, uisokote mpaka ikaze. Kabla gundi haijashika, pima kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine. Vipimo vikilingana, kiti kiko sawa. Visipolingana, vuta upande mrefu. Kiache siku nzima, usikikalie hata kwa kujaribu.

Dalili: mtoto wa meza anagoma

Anagoma masika, kaskazi anateleza? Basi usimguse kwa randa. Ubao umevimba kwa unyevu na utarudi. Ukimpunguza mwezi wa Aprili, Januari atakuwa anacheza ndani ya tundu lake. Msugue sabuni ya mche au mshumaa kwenye njia zake. Akigoma mwaka mzima, angalia njia za chini: kwa kawaida zimelika, naye ameinama mbele. Bandika utepe mpya wa mbao ngumu.

Dalili: ubao umepinda au umepasuka

Ubao hutanuka kwa upana; kwa urefu ni kama haubadiliki. Meza iliyopakwa vanishi juu tu, chini ikaachwa wazi, hunywa unyevu upande mmoja na kuinama. Ifungue, ilaze kwenye majani mabichi asubuhi, upande uliobonyea uelekee chini, mgongo juani. Upande wa chini unanywa, wa juu unakauka, ubao unanyooka. Ukinyooka uingize ndani, uuache utulie chini ya mizigo, kisha upake pande zote mbili kwa idadi ileile ya mikono.

Mpasuko ni wa kuuliza kabla ya kuuziba. Kabati lililoishi miaka arobaini kwenye upepo wa bahari, likiingizwa chumba cha kiyoyozi kinachowaka usiku na mchana, hukauka likapasuka. Ukiuziba mpasuko kwa unga wa mbao na gundi, siku kabati litakaporudi kwenye unyevu ubao utatanuka, ule mchanganyiko hautakubali kubanwa, na ufa utatokea pembeni yake. Tia kipande cha mbao ileile, gundi upande mmoja tu.

Mengine kwa haraka

Kiti cha henzerani kilicholegea katikati, lakini hakijakatika: mwagia maji ya moto kwa chini, kianike. Henzerani ikikauka hujikaza. Kitanda cha kamba kilichobonyea kinataka kuwambwa upya, na kamba iliyooza usiiunge na nzima.

Misumari ya shaba kwenye masanduku ya zamani, yale ambayo mengi yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, husafishwa kwa ukwaju au ndimu na chumvi. Tia kidogo kwa kitambaa, msumari mmoja mmoja, ufute mara moja. Ukiiacha asidi ilale, shaba inageuka rangi ya waridi, maana zinki iliyomo imeliwa, na mbao pembeni inaingia doa.

Harufu ya uvundo ndani ya kabati: toa watoto wote, futa kwa siki, lianike penye upepo siku kadhaa. Karafuu zetu zinanukia vizuri ndani ya nguo, lakini ukizitia juu ya kuvu iliyo hai unaificha tu.

Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Zipige msasa wa maji, usikaushe vumbi, usifanye kazi hiyo mahali watoto wanapochezea. Vumbi la mvule nalo linachoma kifua na ngozi, kwa hiyo vaa barakoa. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandaze au yaloweke kwenye ndoo. Ukiyafinyanga ukayaacha pembeni yanaweza kuwaka yenyewe.

Kikiwa hakirudi kilivyokuwa

Vipo vilivyoliwa mpaka havisimami. Kitanda cha samadari kilichobaki ubao wa kichwani peke yake kinafanya mgongo mzuri wa benchi la barazani. Milango ya kabati ikilala juu ya miguu mipya ni meza. Hapo ninalo sharti moja: kata pale ugonjwa ulipoishia, kisha ingia kidole nne zaidi ndani ya mbao nzima, na kilichokatwa kichomwe siku hiyohiyo. Nilishapata kuacha kipande kibovu chini ya benchi la kazi, na baada ya miezi minne unga ukaonekana kwenye mbao nyingine tatu.

Kitu kikishamaliza kupakwa, nakiweka pembeni mwezi mzima, na karatasi nyeusi chini ya kila mguu. Mwenyewe akija kuulizia, namwonyesha karatasi kwanza. Ikiwa tupu, anachukua. Ikiwa na unga, tunarudi kwenye boraksi.